Oganda, Isaka na Binti Yeftha: Ngano na Imani Ufuoni mwa Ziwa

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, tunapofundisha dhima ya ngano huwa tunaharakisha kuandika ubaoni: kuburudisha, kuelimisha, kuadilisha. Kisha tunafunga daftari. Kwa kufanya hivyo twaisahau dhima nyingine kubwa: hadithi humfikishia mtu imani kwa kumwachia swali.

Mtazame Grace Ogot (1930–2015), mzaliwa wa Asembo, magharibi mwa Kisumu. Baba yake, mwalimu na Mkristo wa Kianglikana, alimsimulia visa vya Agano la Kale. Nyanya yake alimsimulia ngano za Waluo. Mtoto mmoja akapokea mapokeo mawili. Athari ya malezi hayo inaonekana katika "The Rain Came", hadithi fupi iliyomo katika mkusanyiko wake Land Without Thunder (1968).

Msuko wake ni huu. Ukame umeikumba nchi. Mganga anaota kwamba sharti Oganda, binti wa pekee wa chifu Labong'o, atolewe kafara kwa zimwi la ziwani ndipo mvua inyeshe. Baba anakubali kwa uchungu. Oganda anashika njia peke yake. Osinda, kijana ampendaye, anamfikia, anamfunika kwa vazi la majani ili mababu wasimwone, nao wanatoroka. Mvua inanyesha.

Msomaji wa Biblia atakumbuka mara moja visa viwili. Ibrahimu anainua kisu juu ya Isaka (Mwanzo 22); sauti inamzuia, na kondoo dume anapatikana. Yeftha anaweka nadhiri (Waamuzi 11). Binti yake hapati wa kumwokoa. Oganda anaokolewa, lakini mwokozi wake ni kijana wa kijijini, wala si sauti ya mbinguni. Kinaya kiko hapo: mvua imekuja na kafara haijatolewa. Je, ilikuja kwa kuwa baba alikubali? Au mvua haikuhitaji damu ya mtoto tangu mwanzo? Mwandishi hasemi.

Wako wanaoitupa ngano hii kwa kuiita upagani. Wako pia wanaoigeuza mahubiri: "inatufunza utiifu". Makundi yote mawili yanalikwepa swali zito, yaani kama imani yaweza kumdai mzazi mwanawe. Kumbuka kwamba Yesu, alipomaliza kisa cha Msamaria (Luka 10), alimrudishia mwanasheria swali, naye ndiye aliyelazimika kujibu.

Basi mtahiniwa, ukiulizwa kuhusu dhamira ya kafara, usitoe funzo moja na kuweka nukta. Linganisha: nani anadai, nani anakubali, nani anaokoa? Toa ushahidi kutoka kwa matendo ya wahusika. Nawe mwalimu, kabla ya kulijibu swali hilo darasani, waache wanafunzi wabishane kwanza. Huenda hapo ndipo watakapoanza kuisoma hadithi, na imani yao pia.