Mwana, Mama na Kamera: Tafakuri juu ya Filamu ya Tarnation

Utangulizi

Huku Mbangala, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Wilaya ya Songwe, mzazi akirukwa na akili nyumba nzima hujifunza namna mpya ya kusema. Mgeni akiuliza habari za mama, huambiwa kwamba amesafiri, au amelala, au anaumwa malaria. Watoto hulijua jibu hilo kabla hawajaijua Katekisimo. Mchungaji afikapo hupewa jibu lilo hilo. Naye, kwa kuogopa kuaibisha, huomba sala fupi mlangoni na kwenda zake. Hivyo ugonjwa unabaki ndani pamoja na wale wanaouuguza, na Kanisa linabaki nje.

Makala hii inakusudia kuhakiki filamu ambayo ndani yake mwana mmoja alifanya kinyume kabisa cha desturi hiyo. Filamu hiyo yaitwa Tarnation, nayo ilitengenezwa na Mmarekani Jonathan Caouette mwaka 2003. Ndani yake ameuonyesha ulimwengu wote ugonjwa wa akili wa mama yake, Renee LeBlanc, pamoja na majeraha yake mwenyewe. Swali tunaloliuliza si la wajuzi wa sinema peke yao. Ni swali la Amri ya Nne: je, mwana anayeufunua udhaifu wa mzazi wake amemvunjia heshima, au amemlilia?

Habari za filamu

Jina lenyewe lastahili kuangaliwa. Tarnation ni neno la kale la Wamarekani, ambalo watu wenye adabu walilitumia ili wasitamke waziwazi neno la laana. Basi tangu jina lake, filamu hii yahusu laana ambayo watu waliona haya kuitaja.

Renee alikuwa binti mzuri wa Texas, ambaye picha zake zilitumika katika matangazo ya biashara. Akiwa bado mtoto alianguka kutoka paani, akashindwa kutumia miguu yake kwa muda. Wazazi wake, wakifuata ushauri waliopewa, walikubali atibiwe kwa mishtuko ya umeme kichwani. Kwa maelezo ya filamu, hapo ndipo maisha yake yalipovunjika. Tangu wakati huo aliingia na kutoka hospitalini mara nyingi sana. Mwanawe, akingali mdogo, aliona kwa macho yake mama akitendewa jeuri ya kinyama. Kisha alitengwa naye, akakabidhiwa kwa walezi wageni waliomtesa, na hatimaye akalelewa na babu na bibi yake.

Akiwa na umri wa miaka kama 11 hivi, kijana huyo alianza kujipiga picha za video. Aliendelea kwa karibu miaka 20. Filamu imeshonwa kutokana na viraka hivyo: video za nyumbani, picha za zamani, sauti zilizorekodiwa kwenye simu, na maandishi yanayomtaja Jonathan kana kwamba ni mtu mwingine. Aliiunganisha kwa programu ya kawaida ya kompyuta, na gharama iliyotangazwa ilikuwa dola 218 tu. Hata hivyo mwaka 2004 ilionyeshwa katika matamasha makubwa ya Sundance na Cannes, na Chama cha Kitaifa cha Wahakiki wa Filamu cha Marekani kikaitunuku kuwa filamu bora ya mwaka huo miongoni mwa zile za matukio ya kweli.

Hamu au mtunga zaburi?

Msomaji wa Biblia atakapoitazama filamu hii, mawazo yake yatakwenda upesi kwenye hema ya Nuhu (Mwa. 9:20–27). Baba amelala uchi. Hamu anaona, anatoka nje, anawaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi wanachukua vazi, wanatembea kinyumenyume, wanamfunika baba yao bila kumtazama. Wengi wetu tumelihubiri fungu hili kwa kusema kwamba mwana mwema ni yule anyamazaye. Mimi pia nimelihubiri hivyo.

Lakini tuliangalie fungu lenyewe kwa makini zaidi. Shemu na Yafethi nao walijua hali ya baba yao, wala hawakujifanya kwamba amesafiri. Walilolifanya ni kuingia ndani wakiwa na vazi. Kosa la Hamu halikuwa kujua, na pengine halikuwa hata kusema. Kosa lake lilikuwa kutoka nje na habari na kumwacha baba vile vile alivyomkuta. Kwa hiyo tofauti kati ya wana hawa si tofauti ya usemi na ukimya. Ni nani aliyerudi na vazi?

Tukikipima kisa cha Caouette kwa kipimo hiki, hatuwezi kumwita Hamu kwa haraka. Filamu yaanza na habari za mwaka 2002, kwamba mama amezidisha dawa ya lithiamu, dawa ambayo ikipita kiasi katika damu huweza kudhuru ubongo. Mwana anaacha shughuli zake New York na kumrudia. Baadaye anamchukua akae naye. Mwishoni, karibu na mapambazuko, anaikiri mbele ya kamera hofu yake ya kuwa kama mama yake. Kisha anakwenda kujilaza kando yake naye akiwa usingizini. Hapo hakuna dhihaka. Yupo mtu aliye ndani ya hema, anayelia kutoka ndani.

Kilio cha namna hiyo kina mahali pake katika Maandiko. Zaburi ya 88 haimalizii kwa shukrani kama zilivyo zaburi nyingi za maombolezo. Humalizia gizani, na Kanisa halikuiondoa katika kitabu chake cha sala. Tarnation nayo haina uponyaji mwishoni. Wanaotaka ushuhuda wa ushindi watatoka bila kuridhika. Lakini mtoto aliyemwuguza mzazi kwa miaka 20 bila kupona atajiona humo, naye labda kwa mara ya kwanza atatambua kwamba hali yake inaweza kusemwa mbele ya watu na mbele za Mungu.

Mahali kamera ilipokosa

Hata hivyo, uhakiki wa haki hauna budi kutaja makosa. Yako mawili makubwa.

La kwanza lahusu Amri ya Nane. Mama anawashutumu wazazi wake kwamba walimtesa, na mwana anamkabili babu yake kwa kamera akitaka jibu. Mzee anakana. Mtazamaji hana njia ya kujua ukweli, lakini amekwisha kufanywa hakimu. Vivyo hivyo filamu yaitwika tiba ya umeme karibu mzigo wote wa ugonjwa. Ni kweli kwamba zamani tiba hiyo ilitumiwa vibaya mara nyingi; ila siku hizi hutolewa mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na wapo wenye sonona kali wanaosaidika nayo. Luther, katika kuieleza Amri ya Nane, anatutaka tuyafasiri mambo ya jirani kwa upande ulio mwema. Wazazi wale waliotii ushauri wa tiba huenda walikosa kwa kukosa maarifa, wala si kwa kukosa upendo.

La pili ni zito zaidi. Baada ya madhara ya lithiamu, tunaonyeshwa Renee akicheza na boga dogo. Anaimba, anacheka, anarudiarudia maneno, na kamera inaendelea kwa dakika kadhaa bila kukatwa. Wako wanaotetea sehemu hiyo kwa kusema kwamba inatulazimisha kuona uharibifu ulivyo. Mimi siwezi kukubali. Katika sehemu nyingine mama huzungumza, hukataa, hubishana na mwanawe. Ni mtu mwenye sauti. Hapa amekuwa kitu cha kutazamwa, katika hali ambayo hangeweza kutoa ridhaa yenye maana. Kwa dakika hizo kamera imesahau kutembea kinyumenyume.

Inafaa kuongeza kwamba Caouette aliirudia habari ya mama yake katika filamu ya pili, Walk Away Renee, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2011. Humo anasafiri naye kwa gari kutoka Texas kuelekea New York. Dawa zake zinapotea njiani, na mwana anahangaika kutafuta nyingine. Filamu hiyo haina nguvu ya ile ya kwanza, lakini mtu yeyote aliyekwisha kumpeleka mgonjwa zahanati akaambiwa dawa zimekwisha ataielewa mara moja. Mwana angali njiani na mama yake, na kwangu hilo ndilo linaloitetea kazi yake yote kuliko tuzo alizopewa.

Kamera zetu wenyewe

Watumishi wenzangu, ingekuwa rahisi kuishia hapa, tukimhukumu Mmarekani. Lakini nimewahi kuhudhuria ibada ya maombi, mahali ambapo sitapataja, ambapo mama mmoja mgonjwa wa akili aliletwa mbele ya watu. Alisukumwa, akaanguka, nguo zikamwacha wazi. Simu ziliinuliwa kumrekodi. Kijana wake, aliyekuwa akijiandaa kwa kipaimara, alisimama mlangoni akitazama. Mimi nilikuwa nimevaa kola yangu, wala sikusema neno. Kijana yule hakurudi tena darasani. Nilipoitazama ile sehemu ya boga nilikasirika sana, na baadaye ndipo nilipotambua ni nani niliyemkasirikia.

Injili ya Marko (5:1–20) yatueleza habari za mtu wa Wagerasi. Baada ya Bwana kumponya, watu wanamkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Kisha Bwana anamtuma aende nyumbani kwa watu wake akawaambie. Utaratibu huo una maana: vazi kwanza, halafu ushuhuda, tena mwenye kusema ni yeye mwenyewe. Katika ibada ile tuliugeuza utaratibu huo chini juu.

Nasi Walutheri wa Tanzania hatukosi mfano bora zaidi. Lutindi, katika milima ya Usambara, palianzishwa mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliookolewa kutoka utumwani. Tangu mwaka 1904 pakaanza kupokea wagonjwa wa akili, pakawa mahali pa kwanza pa namna hiyo katika Afrika Mashariki. Hivyo Kanisa lilikuwa na kitanda kwa ajili ya wagonjwa hawa muda mrefu kabla nchi yetu haijatunga Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Kutoka Mbangala hadi Usambara ni mbali, lakini kitanda, chakula, dawa na mtu wa kukaa naye mgonjwa ni mambo yawezayo kuanzia katika mtaa wowote wa usharika.

Hitimisho

Tarnation si filamu ya kuonyeshwa vijana bila mwongozo, wala si filamu isiyo na lawama. Lakini wanafunzi wa theolojia wangefaidika kuitazama na kuijadili pamoja na hema ya Nuhu. Itawafundisha kwamba ukimya wa nyumbani waweza kumzika mtoto akiwa hai, na kwamba kuufunua ugonjwa bila kumfunika mgonjwa hakumponyi mtu.

Siku hizi nikiambiwa mlangoni kwamba mama amesafiri, naomba kuketi. Simwulizi mtu habari za mama. Namwuliza mtoto yeye amelalaje, na nani aliyepika leo. Mara nyingine jibu huchelewa hata chai ikapoa, nami husubiri.