Karatasi yasema 8, chipu yabeba 16

Mtu wa Kabalo, nchini Kongo, akiagiza bareti ya ramu (kipande cha kumbukumbu ya kompyuta) isiyofaa, hasara haiishii kwenye bei. Bareti hiyo imetoka Lubumbashi kwa reli ya Kamina, au imetoka Dar es Salaam ikapita Kigoma, ikavuka Ziwa Tanganyika hadi Kalemie, ikangoja treni. Kuirudisha ni kuanza safari ileile kinyumenyume, na muuzaji aliyeko huko mwisho wa njia hana haraka yoyote. Aliye karibu na duka hulijibu swali la "itakubali au itakataa?" kwa kujaribu. Hapa swali hilo lijibiwe kwa hesabu, fedha ikiwa bado mfukoni.

Na hesabu ipo. Tuchukue mashine ambayo mafundi wengi wameshaifungua: ThinkPad X220 ya Lenovo, iliyotoka 2011. Ni ndogo, ngumu, betri yake hutoka bila bisibisi, na miaka hii hupatikana kama mtumba. Karatasi za Lenovo zilisema inabeba ramu ya gigabaiti 8, yaani bareti mbili za 4. Intel, waliotengeneza prosesa iliyomo, kwa mfano Core i5-2520M, waliandika kwamba prosesa hiyo inahudumia gigabaiti 16. Kampuni mbili zinazungumzia mashine moja, na moja imetaja nusu ya nyingine. Waliotia bareti mbili za 8 walikuta 16 zote zinaonekana na zinafanya kazi. Apple nao waliandika 8 kwenye MacBook Pro za mwaka huohuo wa 2011, huku wauzaji wa vipuri Marekani wakiuza pakiti za 16 kwa ajili ya mashine hizohizo.

Kwa nini mtengenezaji apunguze sifa za bidhaa yake mwenyewe? Sababu kubwa ni kalenda. X220 ilipokuwa ikiandaliwa, bareti ya laptopu yenye gigabaiti 8 ilikuwa bado adimu sokoni. Kampuni huandika kile ilichokijaribu, na haiwezi kujaribu bareti ambayo haijapata. Zilipokuja kuzagaa, kurudi kuipima mashine ya zamani kulikuwa gharama isiyo na faida. Kuna wanaosema ni hila ya kukufanya ununue mashine ya bei juu. Sikatai kwamba hila hiyo ipo katika biashara, lakini kwa habari ya ramu naona uvivu wa kurudia majaribio unaeleza mambo mengi zaidi kuliko uchoyo.

Sasa tushuke mpaka kwenye kikomo chenyewe. Mfano wake ni reli: ile ya kutoka Kabalo, iliyofika ziwani mwaka 1915, ilijengwa kwa upana wa mita moja. Ilipofika kuunganishwa na ile ya Katanga, katikati ya miaka ya 1950, ilibidi ipanuliwe hadi milimita 1,067, maana gurudumu la upana mmoja halipiti juu ya chuma cha upana mwingine, hata mkuu wa stesheni aandike kibali cha namna gani. Ndani ya kompyuta, chuma hicho ni kidhibiti cha ramu. Zamani kilikaa kwenye chipu ya pembeni ya ubao mama. Tangu kizazi cha Core i cha mwaka 2010 hivi kimo ndani ya prosesa yenyewe. Humo hutoka nyaya zinazobeba anwani, na idadi ya biti za anwani ndiyo inayoamua chipu ya ramu iwe kubwa kiasi gani.

Chipu ya ramu ya aina ya DDR3 imepangwa kwa mistari ya ulalo na ya wima, na mpangilio huo umerudiwa katika benki 8. Chukua chipu yenye anwani za ulalo za biti 16: mistari 65,536. Anwani za wima biti 10: mistari 1,024. Zidisha kwa benki 8, kisha kwa biti 8 ambazo chipu hutoa kwa mkupuo mmoja. Unapata biti 4,294,967,296, yaani gigabiti 4. Chipu 8 za namna hiyo ni gigabaiti 4. Ukipanga safu mbili za chipu, jumla 16, bareti moja ina gigabaiti 8. Nafasi mbili, 16. Kidhibiti cha X220 kinatoa biti zote hizo za anwani, kwa hiyo 16 haikuwa bahati nasibu wala ujanja wa fundi.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha pia mahali pa kusimama. Ili kupata bareti ya DDR3 yenye gigabaiti 16 kwa njia ya kawaida, unahitaji chipu za gigabiti 8, na chipu hizo zinadai biti ya 11 kwenye anwani za wima. Prosesa za Intel za kizazi cha Haswell haziitoi. Ndiyo sababu ThinkPad X240 ya 2013, ambayo ina nafasi moja tu ya bareti, imegota kwenye 8 mpaka leo, ilhali X250 ya 2015, yenye prosesa ya Broadwell na nafasi hiyohiyo moja, inapokea bareti ya 16. Kwa macho ni mashine pacha. Aliyesikia kwamba "hizi ThinkPad zinazidishwa tu" akaagiza bareti ya 16 kwa ajili ya X240, atapata kioo cheusi, na hakuna fundi wa Kalemie wala wa Kinshasa atakayemsaidia.

Kuna kikomo kingine cha zamani zaidi, kwenye mashine zenye chipu ya Intel 945: ThinkPad X60 na T60, na MacBook za 2006. Ukiweka gigabaiti 4 humo, unaona 3 na ushee. Bareti ni nzima. Tatizo ni kwamba anwani zote za mashine hizo zinaishia kwenye gigabaiti 4, na ndani ya kiasi hichohicho kadi ya picha, mtandao na vifaa vingine vinadai sehemu yake. Mahali vinapokalia, ramu haionekani. Windows ya biti 32 inaleta matokeo yanayofanana hata kwenye mashine yenye uwezo mkubwa, kwa hiyo kabla ya kulaumu bareti angalia kwanza kama mfumo uliomo ni wa biti 64. Windows 7 ilikuwa na vikomo vyake vya kibiashara pia: toleo la Starter lilikomea gigabaiti 2, na Home Basic ya biti 64 ilikomea 8. Hapo karatasi ndiyo inayotawala, maana kikomo kimeandikwa ndani ya programu.

Kati ya kidhibiti na mfumo yuko mlinzi wa tatu, bayosi (BIOS), programu inayoiamsha mashine. Kila bareti ina kichipu kidogo, baiti 256 tu kwa DDR3, kilichoandikwa ukubwa wake, kasi yake na mpangilio wa mistari yake. Umeme ukiwaka, bayosi inakisoma kabla ya kitu kingine, kisha inakipanga kidhibiti kulingana na ilichosoma. Bayosi iliyoandikwa kwa haraka huweza kukutana na namba isiyoifahamu ikasimama hapo. MacBook ya alumini ya mwishoni mwa 2008 ni mfano mzuri: Apple walisema 4, chipu zake ziliweza 8, lakini ilibidi ipate bayosi mpya ndipo ikakubali. Kusasisha bayosi ndiyo hatua ninayoiogopa kuliko zote mahali ambapo umeme ni wa paneli au wa jenereta ya jirani. Ukikatika katikati ya kazi hiyo, mashine inaweza isiwake tena. Betri iwe imejaa na chaja iwe imechomekwa, vyote viwili, na kama betri imeshachoka, azima nyingine.

Tuseme hesabu imekubali. Kinachofuata ni kusoma karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye bareti, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mfano wa maandishi yake: 8GB 2Rx8 PC3L-12800S. Namba ya kwanza inajieleza. 2R ni safu mbili za chipu; x8 ni biti 8 kwa kila chipu. PC3 ni DDR3, na DDR4 au DDR2 haiingii, maana pengo la kwenye meno yake limekaa mahali pengine. L inasema bareti inaweza kuendeshwa kwa volti 1.35 badala ya 1.5. Herufi hiyo moja ina uzito wa ajabu: bareti yenye L inavumilia volti 1.5, kwa hiyo inafaa kwenye X220 inayotoa volti hizo. Isiyo na L haikutengenezwa kwa 1.35, kwa hiyo usiiagize kwa ajili ya X240 na ndugu zake. 12800 ni megabaiti kwa sekunde, kasi inayoitwa pia 1600. X220 ni mashine ya 1333, nayo itaishusha tu, hakuna kinachoharibika. S ya mwisho ni umbo fupi la laptopu.

Jihadhari na bei inayochekesha. Kwenye masoko ya mtandaoni zipo bareti, hasa za kompyuta za mezani, zinazouzwa kwamba ni za AMD pekee. Nyingi zimejengwa kwa chipu zinazotoa biti 4 badala ya 8, mpangilio ambao vidhibiti vya Intel vya kompyuta za kawaida havikubali. Muuzaji hadanganyi, ameandika wazi. Mnunuzi ndiye hajasoma.

Kufunga hakuna hadithi ndefu. Zima, chomoa chaja, toa betri, gusa chuma ili umeme tuli uondoke mwilini, fungua kifuniko kidogo cha chini. Bareti huingia kwa kuinama, kisha inabonyezwa mpaka vishikio viwili vya pembeni vilie. Washa. Kioo kinaweza kubaki cheusi muda mrefu kuliko ulivyozoea, maana kidhibiti kinajifunza bareti mpya; usikimbilie kuzima. Kisha ingia kwenye bayosi uone namba yenyewe kabla ya kuuliza Windows chochote.

Namba kuonekana hakutoshi. Ramu mbovu hukaa kimya wiki nzima, halafu siku moja faili la hesabu za shule linakataa kufunguka. Memtest86+ ni programu ya bure inayoandika na kusoma kila kona ya ramu, na kwa gigabaiti 16 duru moja kamili inachukua saa kadhaa. Watu wa mijini hushauri iachwe ikesha. Mwenye umeme wa jua aianzishe asubuhi, jua lipande nayo, kwa sababu jaribio hilo linaifanyisha prosesa kazi bila kupumzika na litamaliza betri ya nyumba kabla ya alfajiri. Kosa moja tu jekundu linatosha kuirudisha bareti. Hakuna kosa dogo katika ramu.

Matumizi ya kila siku ni habari nyingine. Bareti kubwa huongeza mzigo mdogo sana, na mashine iliyokuwa ikihangaika kuandika kwenye diski kila ramu inapojaa huweza hata kutulia na kula umeme kidogo. Lakini kuna bili inayojificha kwenye diski: Windows 7 hutenga faili la kulalia (hibernation) lenye robo tatu ya ramu, yaani kwa gigabaiti 16 ni gigabaiti 12. Mwenye diski ya 128 atalihisi. Amri ya powercfg -h off inaliondoa, na kuanzia hapo betri ikiisha mashine ikiwa wazi, kilichokuwa hakijahifadhiwa kimepotea.

Nikiulizwa kama kila mtu afike 16, nasema hapana. Anayechapa barua na kuweka hesabu za duka, kutoka 4 hadi 8 pamoja na diski ya SSD kutambadilishia maisha kuliko 16 kwenye diski ya kuzunguka. Mchora ramani, mhariri wa video, au anayefungua kurasa arobaini za intaneti bila kufunga hata moja, huyo ana sababu. Wapo waliokwenda mbali zaidi: ThinkPad T480 ya 2018, ambayo Lenovo na Intel wote wawili waliiandikia 32, inafanya kazi na 64 tangu bareti za DDR4 za 32 zilipoanza kupatikana. Hapo hata karatasi ya mtengenezaji wa prosesa ilipitwa na soko, jambo ambalo linanikumbusha nisiiamini kupita kiasi hata karatasi ya Intel ninayoisifu.

Zinabaki bareti mbili za 4 zilizotolewa kwenye X220. ThinkPad X200 ya 2008 ina chipu ya GM45 inayofika 8, nayo hutumia DDR3. Bareti hizo zitashuka hadi kasi ya 1066 na kufanya kazi humo, kwa sharti moja: ziwe 2Rx8, zenye chipu 16 za gigabiti 2. Zile za miaka ya baadaye zilizoandikwa 1Rx8, zenye chipu 8 za gigabiti 4, GM45 haizisomi. Hesabu chipu za pande zote mbili kabla ya kumpa mtu.