Mgongo Unaosikia

Jioni, wakati watu wa mtaa wa Jericho wanatoka kazini, mama mboga hana mkono wa ziada. Wa kushoto umebana majani ya sukuma wiki, wa kulia unayapitishia kisu, na mtoto wa miezi sita yuko mgongoni.

Nilimtazama alivyombeba. Aliinama, akampandisha kwa mkono mmoja na kumlaza kifudifudi, miguu ikikumbatia kiuno. Mkono wa pili ukatupa leso juu. Ukingo wa juu ukapita chini ya makwapa ya mtoto, wa chini ukashika makalio. Akavuta, akajitikisa kidogo mtoto akae sawa, akafunga fundo kifuani. Mteja alikuwa bado anatafuta shilingi 20 mfukoni.

Muda si mrefu mtoto akajinyonganyonga. Mama hakugeuka. Kisu hakikusimama, ila kiuno kilianza kuyumba polepole. "Ana usingizi huyu," akasema. Hakuwa amemwona uso. Mgongo ulikuwa umemwambia.

Ujuzi huu umewahi kuwafunza wasomi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda, akafuatilia watoto 28 katika vijiji karibu na Kampala. Aliona kwamba mtoto aliyetulia, anayethubutu kutambaa mbali na kurudi, mara nyingi ni wa mama anayezijua ishara zake na kuweza kuzieleza moja moja. Kitabu chake kilitoka 1967. Miaka ya 1970, mwanaanthropolojia Robert LeVine na wenzake waliona kwamba akina mama wa Kisii humtuliza mtoto upesi kwa kumshika na kumnyonyesha, huku wakizungumza naye na kumtazama machoni kidogo kuliko akina mama wa Boston. Pendo ni lile lile. Kila jamii ina mahali pake pa kuliwekea. Hapa kibandani limewekwa mgongoni.

Na mgongo si mmoja. Wateja walipozidi, mama alimwita binti wa jirani, wa miaka kama kumi. "Nishikie mtoto." Binti akainama bila kuelekezwa, akapokea, akatupa leso, akafunga. Mama akaweka kisu chini, akaushusha ukingo wa chini kidogo, akapima kwa kiganja kama makalio yameshikwa, ndipo akarudi kwa sukuma yake.

Binti akaanza kuyumba.