"Chukua" na Mizigo Isiyo Yake

Kitenzi cha Kiingereza "take" kina kazi nyingi mno. Mwingereza hukitumia akimeza dawa, akipanda basi, akipiga picha, akioga, akifanya mtihani, akila kiapo, hata akipokea rushwa. Neno lenyewe si la kwao hasa. Walilipata kwa Waskandinavia waliovamia kisiwa chao zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, nalo likalisukuma nje neno lao la kale. Hayo ni yao. Ninaowalaumu ni wafasiri na waandishi wetu wa matangazo, wanaoitwisha "chukua" mizigo yote hiyo.

"Chukua" ni neno la kubeba. Ndiyo maana tuna mchukuzi na uchukuzi. Mwanamke huchukua mimba, mtumbwi huchukua watu sita, safari huchukua siku mbili. Hicho ni Kiswahili safi. Hata mgombea aendaye "kuchukua fomu" huondoka kweli na karatasi mkononi (na ngoma nyuma yake, lakini hiyo ni habari nyingine). Siipingi wala "kuchukua hatua", ijapokuwa ina harufu ya ugeni. Imekwisha kukaa, na inatufaa. Lakini ukisoma kwamba mkutano "utachukua nafasi" Jumamosi, huna budi kuuliza: nafasi ya nani? Mkutano hufanyika.

Hilo linachekesha tu. Lisilochekesha ni karatasi ya maelekezo ya dawa niliyopata kuiona: "Chukua vidonge viwili mara tatu kwa siku." Hapa Nyamisangura wapo wazee ambao lugha yao ni Kikuria, na Kiswahili walikipata sokoni na barabarani. Mzee wa namna hiyo akisomewa maneno yale atavichukua vidonge, atavifunga katika kitambaa, atakwenda navyo nyumbani. Ametii alivyoambiwa. Kwa nini asiambiwe ameze?

Tena, ndugu msomaji, itafakari sentensi hii: "Ng'ombe wamechukuliwa." Kwa mtu wa Tarime hiyo si habari ndogo. Wameibwa usiku? Wamekamatwa wakichungwa ndani ya hifadhi? Wamezuiwa kwa amri ya mahakama? Au wakwe wamekuja kuwaswaga kwa kuwa mahari imekubaliwa? Katika jambo la kwanza watu hupiga yowe na kufuata nyayo; katika la mwisho hupika. Kiswahili kina kitenzi kwa kila moja, na mwandishi wa habari aliyeridhika na "wamechukuliwa" hajatuambia lolote.

Ndipo nafika kwenye rushwa. Wazee wetu walisema mtu "amekula rushwa", na msikilizaji akakiona kinywa kikitafuna. Siku hizi naanza kusoma kwamba ofisa "amechukua rushwa", kama mtu aliyechukua mwavuli wa mwenzake kwa bahati mbaya. Wapo wanaoona kuwa huo ni ustaarabu wa lugha. Mimi naona ni kumfuta mla rushwa midomo kabla hatujamwona vizuri. Ajabu ni kwamba kiapo nacho, kwa Kiswahili, huliwa. Ofisa huyohuyo alikila siku alipoingia kazini, na sijasikia bado mtu akisema alikichukua.