Ridhaa isiyoeleweka si ridhaa

KISWAHILI kina maneno matatu ambayo wengi huyatumia kana kwamba ni mapacha: kukubali, idhini na ridhaa. Si mapacha. Mtu anaweza kukubali jambo kwa sababu amechoka kubishana, ameona haya au amebanwa na shida. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka: mzazi, mwalimu, hakimu. Ridhaa ni kitu kingine. Neno hili ni ndugu wa radhi, kuridhia na kuridhika. Moyo wa mtu umo ndani yake. Ndiyo maana katika nikaha za pwani, hata mahari yawe tayari na wageni wamejaa hadi barazani, sheikh hutaka kwanza kuhakikishiwa ridhaa ya bibi harusi. Pasipo ridhaa hapana ndoa. Kuna pilau tu.

Tofauti hii ingeweza kubaki somo la semantiki darasani. Lakini sasa imeingia katika simu zetu. Kila unapopakua programu, kuomba mkopo au kujisajili kwa huduma, unakutana na maandishi marefu na kitufe cha kukubali. Ukikibonyeza, mwenye programu anahesabu kwamba umeridhia. Hoja yangu ni kwamba kitufe hicho hupata kukubali kwetu, hakipati ridhaa yetu, na kwamba anayeyachanganya maneno hayo mawili anatunyang'anya haki.

Hebu tuanze na sheria. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutotakiwa kutoa habari za familia yake au mambo yake ya binafsi bila sababu ya lazima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, ya jambo mahususi, na itolewe na mtu aliyeelezwa anachoridhia. Yaani sheria inataka ridhaa kwa maana ileile ya sheikh wetu. Mbona basi mambo yanakwenda kombo?

Kumbuka mwaka 2023. Maelfu ya Wakenya walipiga foleni, wengine katika jumba la KICC jijini Nairobi, ili mboni za macho yao zipigwe picha na mtambo wa Worldcoin. Malipo yalikuwa sarafu za kidijitali za thamani ya takriban Sh7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo mwanzoni mwa Agosti mwaka huohuo. Mnamo Mei 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba data hizo zilikusanywa kinyume cha sheria, na ikaamuru zifutwe. Suala moja kuu lilikuwa ridhaa: je, imepatikana kihalali ikiwa mtu amevutwa kwa chambo cha pesa?

Wapo waliowacheka wale waliopiga foleni, eti walikuwa wajinga. Mimi siwacheki. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Aliyehesabu kwamba Sh7,000 zitalipa kodi ya nyumba alijua hesabu zake vizuri. Asichokijua, kwa kuwa hakuelezwa ipasavyo, ni kwamba nywila ikiibwa hubadilishwa, lakini jicho halibadilishwi. Tukimwita mjinga tunamlaumu aliyeulizwa na kumsamehe aliyeuliza vibaya.

Tazama pia mikopo ya simu. Kwa miaka kadhaa, programu nyingi za mikopo zilidai kusoma orodha ya majina na nambari zilizo kwenye simu ya mkopaji. Akichelewa kulipa, shemeji yake, mwajiri wake au mchungaji wake anapigiwa simu. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia majina na nambari zilizopatikana kwa watu wengine kutuma jumbe na kupiga simu za vitisho. Katika jambo hili kuna swali la ridhaa linalosahaulika: hata kama mkopaji alibonyeza kitufe, shemeji alibonyeza wapi? Katika mila zetu mdhamini huitwa, akaketishwa, akaambiwa deni ni kiasi gani. Simu imewafanya watu wadhamini bila kuwaambia.

Jambo la tatu ni gumu zaidi kwa sababu halionekani. Ni algoriti, yaani mfululizo wa maagizo ambao kompyuta huufuata ili ifikie jibu. Neno lenyewe limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati wa karne ya 9 aliyefanya kazi Baghdad. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imekuwa ikitumia kipimo cha namna hii kukadiria mapato ya wasio na mshahara. Mama mboga hana hati ya malipo, kwa hiyo anaulizwa kuhusu makazi yake na maisha ya nyumbani kwake, kisha mtambo unakisia anachopata na kumpangia mchango. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya kipato kinachojulikana. Mama mboga hutozwa asilimia hiyohiyo ya kipato kilichokisiwa.

Sipingi kukadiria, pasipo makadirio, maskini na tajiri wangetozwa sawa. Ninachopinga ni kimya. Nyumba ya matofali aliyoachiwa na marehemu mumewe haimaanishi kwamba biashara ya sukuma inamlipa. Akiuliza "mbona mimi nalipa zaidi ya jirani?" jibu la "mfumo ndio umesema" si jibu. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Data kinampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo linalomgusa kwa uzito. Hata pale sheria nyingine inaporuhusu, anastahili kuarifiwa na kuomba uamuzi uangaliwe upya. Haki hiyo ina faida gani kwa asiyejua kwamba ipo?

Hapa sisi wanalugha hatuna budi kujikosoa. Tumetumia nguvu nyingi kubishania iwapo ni algoriti au algorithimu, na iwapo data ni umoja au wingi. Istilahi ni muhimu, sikatai. Lakini tafsiri ikisema "mhusika wa data anaridhia uchakatwaji wa taarifa zake bainifu", tumemhamisha msomaji kutoka giza la Kiingereza hadi giza la Kiswahili. Linganisha na sentensi hii: "Tutasoma majina na nambari zote zilizo kwenye simu yako. Ukikataa, bado utapata mkopo." Hiyo anaielewa mwanabodaboda, na anaweza kuijibu.

Kuna watakaosema hata waliosoma hawayasomi masharti hayo, sembuse yakitafsiriwa. Ni kweli, na ndiyo sababu tafsiri pekee haitoshi. Ridhaa ina masharti matatu: nielezwe kwa lugha ninayoitumia sokoni, niweze kukataa bila kuadhibiwa, na niwe na mtu wa kumuuliza nisiporidhika. Likikosekana moja, kilichopatikana ni kubonyeza tu.

Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Urasmi huo hauishii kwenye hotuba za sikukuu. Uanze pale mwananchi anapoombwa jicho lake, nambari za jamaa zake na hesabu za nyumba yake, kabla hajabonyeza.