Kumwiga Mtu ni Kumsoma: Yankovic, Devo na Darasa Letu la Fasihi



Miaka kadhaa iliyopita, nikisahihisha kazi za wanafunzi wa mwaka wa tatu, nilikutana na ukurasa mmoja ulioniudhi. Swali lilitaka uhakiki wa mtindo wa Nagona (1990), riwaya fupi ya Euphrase Kezilahabi. Badala ya kuhakiki, mwanafunzi mmoja alitunga ukurasa wake mwenyewe kwa mtindo wa riwaya hiyo. Aliandika sentensi fupi fupi. Mzungumzaji wake alitembea bila kufika, na majina ya wanafalsafa yaliibuka njiani kama watu wanaokutana sokoni. Mwishoni mzungumzaji aligundua kwamba alichokuwa akikitafuta siku zote ni kantini ya chuo. Wenzake walikuwa wameusoma ukurasa huo kabla haujanifikia, na walicheka sana. Mimi sikucheka. Nilimpa alama ndogo na kuandika kwa wino mwekundu: "Hukujibu swali. Acha mzaha."

Ninaandika makala haya kwa sababu nimeamini kwamba nilikosea. Aliyenifungua macho si mhakiki wa Kiswahili. Ni mpiga kodiani wa Marekani ambaye mwenzangu anayefundisha muziki alinisikilizisha nyimbo zake, akitaka kujua sisi watu wa fasihi tunaiitaje kazi ya namna hiyo. Nilimjibu haraka kwamba tunaiita parodia, yaani mwigo wa dhihaka. Baadaye, nilipozisikiliza nyimbo hizo kwa utulivu, niliona kwamba jibu langu lilikuwa jepesi mno.

Mwigo wa chumbani

Alfred Matthew Yankovic, anayejulikana zaidi kwa jina la "Weird Al", alizaliwa California mwaka 1959 na alianza kufundishwa kodiani akiwa mtoto mdogo. Ala hiyo wapenzi wa taarabu wanaifahamu vizuri, lakini katika muziki wa vijana wa Marekani wa wakati ule ilikuwa ala ya kuchekwa. Akiwa bado mwanafunzi wa sekondari alijirekodi nyumbani kwa kinasa sauti cha kawaida, akaipeleka kaseti kwa Dr. Demento, mtangazaji wa redio aliyekuwa akipiga nyimbo za vichekesho. Mwaka 1976 kaseti hiyo ilisikika hewani.

Mwaka 1979, akisomea usanifu majengo katika mji wa San Luis Obispo, alirekodi "My Bologna", mwigo wa wimbo "My Sharona" wa bendi ya The Knack. Aliurekodia chooni, karibu na studio ya redio ya chuo, kwa sababu humo sauti ilivuma vizuri. Mwaka uliofuata aliimba moja kwa moja redioni "Another One Rides the Bus", mwigo wa wimbo wa bendi ya Queen, huku mwenzake akilipiga sanduku la kodiani badala ya ngoma.

Nyimbo hizi za awali zina kanuni moja: chukua wimbo mmoja unaojulikana, ubakize sauti yake, ubadili maneno. Mwimbaji wa The Knack anamlilia msichana, naye Yankovic anaililia soseji. Hapa kuna ucheshi na kuna wepesi wa ulimi, lakini kazi kubwa imekwisha kufanywa na mtunzi wa kwanza. Kwa matumizi ya makala haya tuuite mwigo wa matini. Wanafunzi wetu huufanya kila siku wanapobadilisha maneno ya wimbo wa redioni ili wamtanie mwenzao.

Bendi iliyoitwa kelele

Mwaka 1985 Yankovic alitoa wimbo "Dare to Be Stupid", katika albamu yenye jina hilo hilo. Wimbo huu haukuiga wimbo wowote mmoja. Uliiga bendi nzima, yaani Devo.

Devo walitoka Akron, jimbo la Ohio, mji uliojengwa na viwanda vya matairi. Bendi hii ilizaliwa katika msiba. Tarehe 4 Mei 1970, katika Chuo Kikuu cha Kent State, askari waliwafyatulia risasi wanafunzi waliokuwa wakipinga vita, wakaua wanne. Gerald Casale, mmoja wa waasisi wa Devo, alikuwepo pale na aliwafahamu wawili wa waliouawa. Jina la bendi ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya mageuko yanayorudi nyuma. Walichodai ni kwamba binadamu hapandi ngazi, anashuka.

Muziki wao uliivaa hoja hiyo. Mapigo ya ngoma yalikuwa makavu kama ya mashine ya kiwandani, vinanda vya umeme vilikwaruza, na waimbaji walikatakata maneno kama watu waliofundishwa kusema lakini si kuhisi. Walivaa sare za njano zinazofanana na za wafanyakazi wa kiwandani. Walipouchukua wimbo "Satisfaction" wa The Rolling Stones, waliuvunja mifupa, hata asiyeambiwa asingeutambua upesi. Casale amesimulia kwamba walimsikilizisha Mick Jagger rekodi hiyo ili wapate ridhaa yake, naye akainuka akaanza kuicheza. Wimbo huo umo katika albamu yao ya kwanza ya mwaka 1978, iliyosimamiwa na Brian Eno. Mwaka 1980 wimbo wao "Whip It" uliwafikisha hata kwa wasikilizaji wasiojali majaribio ya kisanaa. Hata hivyo, kwa sikio lililozoea nyimbo za kawaida, sehemu kubwa ya kazi yao ilisikika kama kelele za watu waliokataa kuimba.

Mwigo wa mtindo

Sasa jiulize, msomaji: mtu atawaigaje waliokataa kuimba? Asiyewaelewa angepiga makelele tu, apayuke, kisha aseme, "Hawa ndio Devo." Mwigo wa namna hiyo ungemwambia msikilizaji jambo moja tu, kwamba mwigaji hakuelewa alichokisikia.

Yankovic alifanya kinyume. Katika "Dare to Be Stupid" kinanda cha umeme kinadundadunda mahali pake, ngoma haiyumbi, na mwimbaji anatoa amri kwa ile sauti kavu ya msemaji asiyejua kutabasamu huku waitikiaji wakimdaka kwa ukali ule ule. Hakuna kipande hata kimoja kilichonakiliwa kutoka wimbo fulani wa Devo. Mtu ni kama amejifunza lugha ya kigeni mpaka akaweza kutunga ndani yake sentensi mpya ambazo wenyeji hawajapata kuzisema, lakini wakizisikia wanazikubali kuwa ni za kwao.

Ustadi mkubwa zaidi umo katika maneno. Wimbo mzima umejengwa kwa methali na misemo ya Kiingereza iliyopinduliwa, pamoja na vibwagizo vya matangazo ya biashara. Mzungumzaji anamhimiza msikilizaji afanye kila ambalo wahenga wa Kiingereza walimkataza. Nisiutafsiri, ila sisi tunaujua mchezo huo. Vijana wetu husema "Mchumia juani hulia juani", au "Mtaka cha uvunguni na ainue kitanda." Fikiri shairi zima la kauli za namna hiyo, moja baada ya nyingine bila kupumzika, likisomwa kwa sauti ya mtu anayetoa maagizo ya serikali.

Kwa nini Yankovic alichagua methali na matangazo? Kwa sababu alikwisha kuona kwamba hiyo ndiyo malighafi ya Devo wenyewe. Casale ameeleza kwamba maneno ya "Whip It" yalikuwa dhihaka ya zile kauli za Kimarekani za kutiana moyo, na kwamba alichochewa na mashairi ya mzaha yaliyomo katika Gravity's Rainbow (1973), riwaya ya Thomas Pynchon. Basi Devo walikuwa waigaji kabla hawajaigwa. Yankovic hakuishia kwenye sare na vinanda. Alifika mpaka kwenye kiini cha utunzi wao, yaani kuichukua lugha iliyochakaa na kuisema kwa uzito mpaka upuuzi wake uonekane. Uhakiki wa kawaida ungehitaji kurasa nyingi kulieleza jambo hilo, na yeye alilionyesha katika dakika tatu na nusu hivi.

Mark Mothersbaugh wa Devo aliwahi kusema katika kipindi cha televisheni kwamba aliposikia wimbo huo alipigwa na butwaa. Alikiri kuwa ulikuwa mzuri ajabu na kwamba Yankovic alikuwa ameufinyanga mtindo wao ukawa kitu kingine. Kisha, kwa utani, akaongeza kuwa anamchukia kwa hilo. Sidhani kama mwigaji anaweza kupata cheti kikubwa kuliko hicho.

Hapa ndipo nilipojifunza. Kisicho na kanuni hakiwezi kuigwa. Aliyesema Devo ni kelele alijibiwa mwaka 1985, na aliyemjibu hakuwa mtetezi wao wa kitaaluma bali mchekeshaji. Maadam mtu mwingine ameweza kutunga wimbo mpya ambao kila anayewajua Devo anautambua papo hapo kuwa ni wa mtindo wao, basi mtindo huo una sarufi.

Kilichobaki nyuma

Hata hivyo, mhakiki asipige makofi tu. Nikiusikiliza wimbo wa Yankovic baada ya nyimbo za mwanzo za Devo, naona kitu kimepungua. Mashine yote ipo, lakini ghadhabu haipo. Devo waliimba kama roboti kwa sababu waliwahi kuona binadamu wenye bunduki wakitenda kama roboti. Yankovic anaimba kama roboti kwa sababu Devo waliimba hivyo. Upuuzi wao unatisha kidogo, wa Yankovic unafurahisha tu. Yule anayeagiza watu wawe wajinga, kwa Devo angekuwa mtawala au mfanyabiashara wa kuogopwa. Kwa Yankovic ni mjomba mcheshi.

Simlaumu. Mwigo huazima fani, na fani ni jambo linaloweza kusomwa na kufundishwa. Kilichoisababisha fani hiyo hakiazimiki. Wanafunzi wetu hukariri kwamba fani na maudhui ni kama pande mbili za sarafu. Mwigo mzuri unatupatia nafasi ya nadra ya kuushika upande mmoja peke yake, tukaona uzuri wake na upungufu wake.

Tufanye nini darasani?

Turudi kwa Kezilahabi. Alipochapisha Kichomi mwaka 1974, wako walioona kwamba mashairi yasiyo na vina na mizani si mashairi, na mpaka leo nina wanafunzi wanaoniambia kwamba Nagona na Mzingile (1991) ni vitabu ambavyo "mtu yeyote angeweza kuandika." Zamani nilikuwa nikiwajibu kwa mhadhara. Sasa nawaambia: andika basi, ukurasa mmoja tu. Wengi hurudi mikono mitupu, kwa kuwa wamegundua kwamba kuchanganya mambo ovyo hakuleti Nagona. Wachache wanaofaulu hurudi wakijua ni wapi sentensi inapokatwa na kwa nini.

Isitoshe, jadi yetu haijapata kuudharau mwigo. Katika majibizano ya kishairi ya Waswahili, tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa na kabla yake, anayejibu mara nyingi hulijibu shairi kwa bahari ile ile na hata vina vile vile. Humpiga mwenzake kwa fimbo ya mwenzake. Hapa kwetu Uganda, ambako kwa wengi wa wanafunzi wetu Kiswahili ni lugha ya tatu au ya nne, zoezi hili lina faida zaidi. Mtu hawezi kufanya mzaha katika lugha asiyoimudu, na akiuweza, ni ishara kwamba lugha imeanza kuwa yake.

Napendekeza basi kwamba katika kozi ya mitindo tuwe na zoezi moja la mwigo, lenye sehemu mbili na alama sawa. Kwanza, mwanafunzi atunge ukurasa mmoja kwa mtindo wa mwandishi aliyemsoma. Pili, aeleze katika ukurasa wa pili ameazima nini na ameshindwa kuazima nini. Sehemu ya pili ndiyo itakayotutofautishia Yankovic na mpiga makelele.

Yule mwanafunzi wa kantini hakuchukua tena kozi ya fasihi. Alihamia isimu, akahitimu, akaondoka kabla sijabadili mawazo. Ukurasa wake ninao bado. Nilipousoma upya niliona kwamba alikuwa amekaribia kufanya sehemu zote mbili kwa mpigo: safari inayoishia kantini ni mtindo wa Nagona uliotengwa na swali lililoizaa Nagona. Alikuwa amelijibu swali langu. Wino mwekundu ulikuwa wangu, na kosa pia.

Wenye maoni au mifano kutoka madarasani mwao wanakaribishwa kuyaleta kwa ajili ya toleo lijalo.