Pointi 12 za Thor Hushovd: Jezi ya Kijani ya 2009 Ilivyopatikana Milimani

Katika Tour de France, mashindano ya baiskeli ya wiki tatu yanayogawanywa katika hatua 21, jezi ya kijani huvaliwa na anayeongoza kwa pointi wala si kwa muda, na kwa kuwa pointi nyingi zaidi hutolewa kwenye hatua za tambarare, huchukuliwa kuwa mali ya sprinta, yaani mwendeshaji anayejikinga na upepo nyuma ya wenzake kutwa nzima ili afyatuke karibu na mstari wa mwisho. Thor Hushovd wa Norwei, aliyezaliwa Grimstad mwaka 1978 na kustaafu mwaka 2014, aliitwaa mara mbili, 2005 na 2009, na mara ya pili ndiyo inayostahili kuchambuliwa, kwa sababu aliyeshindwa alikuwa na kasi kumzidi.

Huyo alikuwa Mark Cavendish kutoka kisiwa cha Man, ambaye mwaka huo alishinda hatua sita, ilhali Hushovd alishinda moja tu, ile ya Barcelona, iliyomalizikia kwenye mwinuko siku ya mvua. Katika hatua ya tambarare mshindi alipewa pointi 35 na wa pili 30, hivyo aliyefika nyuma ya Cavendish kila mara hakupoteza nyingi, mradi afike karibu, na mradi apate mahali pengine pa kufidia. Mahali penyewe palikuwa vituo vya katikati ya njia, ambako watatu wa kwanza kupita walipata pointi 6, 4 na 2, kiasi kidogo ambacho masprinta wengi hawakukihangaikia pale vituo vilipowekwa kati ya milima.

Hatua ya 17, kutoka Bourg-Saint-Maurice hadi Le Grand-Bornand, ilikuwa na milima mitano, na siku hiyo Cavendish hakuwa na lengo jingine ila kufika ndani ya muda unaoruhusiwa. Hushovd alitoroka mapema, akawaacha hata wenzake wa msafara wa mbele, akapita milimani peke yake na kukusanya pointi zote 12 za vituo viwili vya siku hiyo, kisha akawaachia wapanda milima mashindano yao. Ujasiri huo ulikuwa na msingi katika mwili na malezi yake ya kimichezo, kwani kabla ya kujulikana kwa kasi ya mwisho alikuwa bingwa wa dunia wa vijana chini ya miaka 23 mwaka 1998 katika mbio dhidi ya saa, ambazo kila mmoja hukimbia peke yake bila mgongo wa kujificha nyuma yake.

Baada ya hatua ya 17 Hushovd alikuwa na pointi 230 dhidi ya 200 za Cavendish. Cavendish alishinda hatua za Aubenas na Paris akafikia 270, lakini Hushovd, wa pili Aubenas na wa sita Paris, alimaliza na 280. Bila zile 12 angekuwa na 268 na jezi ingekwenda kwa mwenzake. Haki inadai kuongeza kwamba katika hatua ya 14, huko Besançon, waamuzi walimshusha Cavendish hadi mwisho wa kundi kwa kumbana Hushovd kwenye uzio, na pointi zilizopotea hapo zilizidi ile tofauti ya 10. Anayesema jezi ilitolewa na waamuzi hakosei hesabu, ila anasahau kwamba uamuzi huo peke yake usingetosha.

Mbinu hiyohiyo, ya kushindana pale barabara inapowachosha wenye kasi kabla ya mstari, ilimpa ubingwa wa dunia huko Geelong, Australia, mwaka 2010, mwishoni mwa safari ya zaidi ya kilomita 260 iliyomalizikia kwenye mpando. Mwaka 2011 waandaaji wa Tour walibadili kanuni, wakabakiza kituo kimoja tu kwa hatua, chenye pointi 20 kwa wa kwanza, na Cavendish akaivaa jezi ya kijani hadi Paris. Hushovd, akiwa na jezi ya bingwa wa dunia, alivuka mlima Aubisque wenye mita 1,709, akawafukuza kwenye mteremko waliomwacha akipanda, na kushinda hatua ya Lourdes.